Maji kwa Zamu: Hesabu Itanguliayo Jembe Katika Bustani ya Nyumbani

Ada ya mwenye nyumba aliyekwisha kujenga, akapaka rangi na kutandaza ukoka mbele ya baraza yake, ni kuianzia dukani kila hamu impatayo. Na inapomjia hamu ya kuinywesha bustani kwa mabomba yaliyofukiwa chini, apumzike na mpira wa kuburura, hushika njia mpaka maduka ya Gerezani, Kariakoo, akaviona vinyunyizio vimepangwa rafuni kwa vimo na rangi, akachukua kumi au kumi na viwili kwa kukisia, akaongeza bomba la nusu inchi kwa kuwa ndilo rahisi kwa bei, na jioni hiyo hiyo akamwita kijana mwenye jembe. Kazi ikiisha, vinyunyizio viwili vilivyo karibu na koki hurusha maji hadi kwenye nguo zilizoanikwa, vya katikati hutoa michirizi dhaifu, na vya mwisho havichomozi kabisa. Ndipo lawama humwangukia fundi, au pampu, au muuzaji, ilhali asili ya kasoro ni hesabu iliyorukwa siku ya kwanza. Kazi hii yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye mikono miwili na subira ya kadiri, wala haihitaji elimu ya chuo; walakini yataka itangulizwe ndoo, saa na penseli, na manunuzi yaje nyuma.

Yafaa kukumbuka kwamba bustani ya majani si ada kongwe ya pwani. Uwanja wa nyumba zetu ulikuwa mchanga uliofagiwa alfajiri ukaachwa na mistari ya ufagio, na kivuli chake kilikuwa cha mwembe au mkungu; majani ya kukatwa na kunyweshwa yalikuja na nyumba za maofisa wa Kiingereza, watu waliozoea nchi yenye manyunyu mwaka mzima, wakayapanda Oysterbay na kwingineko, mahali ambapo mvua huja kwa misimu miwili, masika tangu Machi hata Mei na vuli tangu Oktoba hata Disemba, na katikati ya misimu hiyo kusi huvuma kavu, na jua la Januari na Februari huchoma bila huruma. Sisemi haya ili kumkataza mtu ukoka wake, kwa maana watoto hucheza juu yake na vumbi hupungua nyumbani. Nasema ili ieleweke kwamba mwenye kutaka kijani mwezi wa Agosti hapa Dar es Salaam anataka jambo ambalo mbingu hazikumwahidi, na kila tone la kulitimiza lazima litoke mahali, lilipiwe na lihesabiwe.

Kugawa maji machache kwa haki ni maarifa ya zamani sana. Huko Oman, ambako wengi wa jamaa zetu wa pwani wana nasaba, na ambako hata leo ziko nyumba ambazo Kiswahili ndiyo lugha ya barazani, mashamba ya mitende yamenyweshwa kwa karne nyingi kwa aflaji, yaani mifereji iletayo maji kwa mteremko tu kutoka kwenye chemchemi na vyanzo vya chini ya milima. Na kwa kuwa maji ya mfereji mmoja hayatoshi kuyajaza mashamba yote kwa wakati mmoja, kila mwenye shamba ana zamu yake, ipimwayo kwa kipimo kiitwacho athari, ambacho ni takriban nusu saa, na ambacho wazee walikijua mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini na usiku kwa mwendo wa nyota. UNESCO iliitia mifereji mitano ya namna hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Jambo la kuzingatiwa na mwenye bustani ndogo ni kwamba wale wazee hawakuyagawa maji vijitone vijitone kwa wote pamoja, bali waliyatoa yote kwa mmoja kwa muda maalumu, kisha wakamgeukia mwenziwe. Vinyunyizio navyo vyataka hukumu hiyo hiyo: vichache vikipewa maji yote hufanya kazi yao barabara, na vingi vikigawiwa kidogo kidogo vyote huharibikiwa pamoja.

Basi suali la kwanza ni kiasi gani cha maji unacho kwa dakika. Chukua ndoo ya lita 20, ifungulie koki kikamilifu, utazame saa; ikijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika. Kipimo hicho ni kizuri lakini ni nusu ya habari, kwa sababu maji yatokayo katika koki iliyo wazi hayasukumi kitu, ilhali kinyunyizio cha kuchomoza, kile kijifichacho ardhini na kuinuka maji yanapofika, hutaka msukumo wa bar 2 au karibu yake mdomoni mwake ndipo kirushe umbali kilioandikiwa. Na bar moja ni uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10. Hapo ndipo tanki letu la juu ya mnara, ambalo tumelizoea kuliona kuwa ni dawa ya kila shida, linapoonekana udhaifu wake: mnara wa mita 3 hutoa chini ya theluthi moja ya bar, na tanki lililo juu ya paa la ghorofa moja halivuki sana nusu ya bar, hata mtu atakaye vinyunyizio vyake vifanye kazi kwa mteremko peke yake ingempasa kulipandisha tanki kwenye kilele cha mnazi mrefu. Asiye na pampu na aviache vinyunyizio, ajishughulishe na mipira ya matone iliyotobolewa, ambayo huridhika na msukumo mdogo na kuyafaa maua, mboga na miche ya matunda kuliko inavyoyafaa majani.

Mwenye pampu naye asidanganyike na kibati chake. Kibati huandikwa namba mbili za kuvutia, kimo cha juu kabisa na wingi wa juu kabisa, tuseme mita 35 na lita 35 kwa dakika, na mnunuzi huondoka dukani akiamini kwamba atavipata vyote viwili kwa pamoja. Kumbe namba hizo ni ncha mbili za kamba moja ambazo hazikutani abadani, kwa kuwa pampu inapofika mita 35 haitoi hata tone, na inapotoa lita 35 haina nguvu ya kuinua kitu. Yaliyo katikati ndiyo yako. Njia ya kuyajua bila kumuuliza muuzaji ni kufunga geji ya msukumo na koki kwenye tundu la kutokea la pampu, kuiwasha, kisha kuibana koki taratibu mpaka sindano ya geji isimame kwenye bar mbili na nusu, na hapo hapo kuikinga ndoo chini yake. Lita utakazozipata kwa dakika katika hali hiyo ndizo mali yako halisi, na hesabu yote itakayofuata itakatwa humo.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha majani chenye mita 12 kwa 8, ambacho si kikubwa wala si kidogo kwa nyumba nyingi za Tegeta au Mbezi, na tuseme pampu imetupa lita 20 kwa dakika, na akiba kidogo juu yake. Kinyunyizio kirushacho mita 4 hupandwa kila baada ya mita 4, ili maji ya kimoja yafike mguuni pa jirani yake. Watu wengi huliona jambo hili kuwa ni israfu, wakaviachanisha mara mbili zaidi wakidhani kwamba miduara ikigusana pembeni imetosha, na matokeo yake huwa madoa ya kijani yaliyozungukwa na manjano, kwa maana kila kinyunyizio hutoa maji machache mwishoni mwa mrusho wake kuliko inavyohitajika, na upungufu huo hufidiwa na mwenziwe tu. Kwa mpango huo tutahitaji safu nne za vinyunyizio vitatu vitatu, jumla yake 12: vinne vya pembeni kabisa, vyenye midomo ya robo duara, sita vya kandokando, vyenye midomo ya nusu duara, na viwili vya katikati, vyenye duara zima. Mdomo wa duara zima wa mrusho huo hunywa takriban lita 10 kwa dakika, wa nusu lita 5, na wa robo lita mbili na nusu, na kwa hivyo kila sehemu ya ardhi hupata haki sawa ingawa midomo haifanani. Jumlisha: lita 60 kwa dakika. Pampu yetu ina 20. Yule aliyeanzia dukani angevifunga vyote katika bomba moja akashangaa. Sisi tunagawa zamu tatu, safu mbili za mwisho zikiwa zamu moja, kwa kuwa kila moja ina midomo miwili ya robo na mmoja wa nusu na hunywa lita 10 tu, na safu mbili za katikati zikiwa zamu moja moja, kila moja lita 20. Koki tatu, mabomba matatu, na hesabu imekaa.

Tahadhari moja hapa. Vinyunyizio ni makabila mawili, na hayaoani katika zamu moja. Kuna hivi vya mrusho usiotikisika, ambavyo humwaga maji kwa kasi ya mvua kubwa, milimita 35 hadi 40 kwa saa; na kuna vya kuzunguka, wana na wajukuu wa kile kinyunyizio cha kugongagonga alichokibuni mkulima wa michungwa Orton Englehart huko Glendora, California, mwaka 1933, ambacho mlio wake wa tak-tak-tak bado wasikika katika mashamba mengi ya dunia. Hivi vya kuzunguka hupeleka mchirizi mbali, lakini kila mahali hupata maji pale tu mchirizi upitapo, basi kasi yake aghalabu ni milimita 10 hadi 15 kwa saa. Ukivichanganya katika koki moja, upande mmoja utageuka kinamasi kabla upande wa pili haujalowa vizuri, na hakuna ufundi wa kurekebisha koki utakaokuokoa.

Unene wa bomba ndio mlango ambao wengi hupotezea msukumo wao bila kujua. Maji yanaposafiri ndani ya bomba hujisugua na kuta zake, na msuguano huo hula kimo. Lita 20 kwa dakika zikipita katika bomba ambalo uwazi wake wa ndani ni milimita 15, basi kwa kila mita 30 hupotea karibu mita 8 za msukumo, ilhali zikipita katika bomba la inchi moja lenye uwazi wa milimita 26, hasara ya safari ile ile ni pungufu ya mita moja. Tofauti ya bei ya mabomba hayo mawili ni ndogo ukiilinganisha na pampu kubwa ambayo mtu hulazimika kuinunua baadaye ili kusukuma maji katika bomba jembamba, na ambayo umeme wake ataulipia kila mwezi maadamu nyumba imesimama. Rai yangu ni inchi moja kutoka pampu mpaka kwenye koki, inchi moja au robo tatu katika zamu yenyewe, na nusu inchi iachiwe kile kipande kifupi kiunganishacho bomba na kinyunyizio.

Uchimbaji wenyewe hauna siri kubwa: mfereji wa sentimita 25 au 30, ili jembe la mtunza bustani lisifike, na udongo wa juu uwekwe upande mmoja pamoja na ukoka wake, mchanga wa chini upande wa pili, ili virudishwe kwa mpango vilivyotoka. Bomba jeusi la plastiki liuzwalo kwa roli hupinda lenyewe na kupunguza maungio, nalo hustahimili jua. Lile jeupe la kugundisha ni rahisi kulikata lakini likiachwa juani muda mrefu huwa kavu na kupasuka, kwa hivyo lifukiwe mapema, na gundi yake ipewe wasaa wa kukauka kama ilivyoandikwa kwenye kopo, hata kama fundi ana haraka ya kwenda kwingine. Kabla ya kuitia midomo, washa pampu na yaache maji yatoke wazi katika kila tundu mpaka yatakate, kwa sababu mchanga na vinyweleo vya plastiki vilivyosalia ndani ya bomba vitakimbilia kwenye midomo hiyo myembamba kabla ya maji yenyewe. Kisha kila kinyunyizio kisimikwe wima sawasawa, kichwa chake kikiwa usawa wa ardhi. Kikiinama nyuzi chache tu, upande mmoja hupiga chini karibu, na upande mwingine hurusha angani.

Kuhusu bomba la mtaani, msimamo wangu ni mkali: vinyunyizio visiunganishwe nalo moja kwa moja, wala pampu isifungwe juu yake. Katika mji wenye mgao, bomba kuu huishiwa na maji na kuacha uvutano wa ndani, na vinyunyizio vilivyolala katika tope, samadi na dawa ya wadudu huwa ni midomo ya kunywea uchafu huo na kuurudisha katika maji ambayo jirani atayapikia uji. Na pampu ifyonzayo bomba kuu huwanyang'anya walio chini ya mtaa haki yao, tena hunyonya maji machafu kupitia kila ufa ulioko njiani. Tanki hutatua yote mawili kwa wepesi, mradi bomba la kuingizia limwage kutoka juu, nafasi ya hewa ikiwa wazi kati ya mdomo wake na usawa wa maji, kwa kuwa maji hayawezi kuruka hewa kurudi yalikotoka. Wenye visima vya pwani wana mtihani mwingine, nao ni chumvi. Ukoka huivumilia kwa kiasi, maua mengi hayaivumilii, na mwenye kisima cha namna hiyo aonje maji yake kabla ya kuchimba mfereji hata mmoja.

Sasa matumizi. Majani ya hapa katika miezi ya kiangazi hutaka takriban milimita 25 kwa wiki, na milimita moja ni lita moja juu ya mita moja ya mraba. Kiwanja chetu cha mita 96 za mraba basi kitakunywa lita 2,400 kwa wiki. Zikigawanywa mara mbili, kila siku ya kunywesha ni lita 1,200, nazo kwa pampu yetu ni saa moja kamili, dakika 20 kwa kila zamu. Mwenye mchanga mtupu, kama ulivyo ukanda mkubwa wa pwani, na agawe mara tatu kwa dakika 13 na kidogo kwa kila zamu, kwa maana mchanga haushiki maji mengi kwa pamoja na yanayozidi huteremka chini kupita mizizi. Wakati wake ni baada ya Sala ya Alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka; adhuhuri sehemu kubwa hupeperushwa na kukauka, na usiku majani hulala yameloa hata yakapata ukungu. Na hesabu hizi zote, pamoja na kwamba ni za kweli, zithibitishwe kwa makopo ya maziwa yaliyokwisha: yapange kumi na kitu huku na huku katika majani, fungua kila zamu dakika 20, kisha upime kina kwa rula. Milimita 12 au karibu yake ndiyo matarajio. Kopo lenye 5 na jirani yake lenye 20 hukuonesha mahali penye mdomo ulioziba au kinyunyizio kilichoinama, kwa uaminifu kuliko jicho la mtu yeyote.

Wauzaji watakushauri saa ya umeme na koki zinazojifungua zenyewe. Kwa shamba la maua ya kuuza sina neno, lakini kwa bustani ya nyumbani naona afadhali koki tatu za mkono katika kisanduku kimoja karibu na baraza, kwani saa hizo nyingi hupoteza majira umeme unapokatika, na nimeona nyumba ambazo vinyunyizio vilikuwa vikinyunyiza kwa bidii katikati ya mvua ya masika, mwenye nyumba akiwa amelala. Afunguaye kwa mkono hutazama mbingu kwanza. Tena hujua ni lini haifai kufungua kabisa: mwaka 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua hata jiji likawekewa mgao, lita 1,200 zilikuwa ni ndoo 60 za watu, na ukoka wenyewe haukuhitaji huruma hiyo, kwa sababu una mashina yatambaayo chini ya udongo ambayo hulala kiangazi chote yakiwa hai, yakaamka kwa mvua ya vuli.

Kila miezi michache fungua vichwa, toa vichujio vidogo vilivyomo, uvisugue kwa mswaki wa zamani. Na kabla mifereji haijafukiwa, chora kwenye karatasi mabomba yote yapitako, kwa vipimo kutoka pembe mbili za nyumba, uihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati ya kiwanja. Kwani haitapita miaka mingi kabla hajaja mtu na sululu yake kupitisha waya wa taa za getini, akauliza achimbe wapi.